Namba ya Mgombea na Mama Zake Watatu

Nianze na ujinga, maana ndio ulionistaafisha. Nilichukua namba ya kitambulisho cha taifa ya mgombea udiwani, mteja wetu, nikaiingiza kwenye mtandao wa kuhakiki bila yeye kuniomba. Mtandao ulipolikataa jina la mama yake, nikaipiga picha ile skrini, nikaiweka kwenye stetasi yangu na maneno haya: "Anataka kura zetu, mama yake mzazi hamjui." Nikaongeza na vikatuni vya kucheka hadi machozi. Kisha nikaenda kula.

Sasa niko Kidato cha Tatu na ni mstaafu. Wapo watakaosema mtu hawezi kustaafu kabla ya mtihani wa Kidato cha Nne. Hao hawajawahi kufanya kazi kwa Anti Rehema. Nayaandika haya kwa ajili ya binamu yangu Shaibu, aliyekalia kile kiti sasa, na kwa yeyote atakayekikalia baada yake, maana namjua Shaibu na sioni akidumu.

Ya vyeo sitayagusa. Pale steshenari vyeo vilikuwa viwili, mwenye duka na wewe. Mshahara nao tuuache. Kuna siku ulikuwa chipsi na kuna siku ulikuwa nasaha.

Duka liko mtaa wa Chuno, katikati ya fundi simu na mama anayekaanga mihogo, kwa hiyo karatasi zetu zote zina harufu ya mhogo, hata za mahakamani. Anti Rehema si ndugu yangu wa damu. Yeye na mama yangu walichezwa unyago mwaka mmoja, na kwetu hilo linampa mtu haki ya kumpiga mtoto wa mwenzake bila kuomba ruhusa. Nilipoingia Kidato cha Kwanza mama alinipeleka kwake nikafanye kazi jioni na likizo, akisema: "Mkalishe mahali, akikaa bure anafikiri." Walielewana wote wawili kwamba kufikiri kwangu ni jambo la hatari.

Siku ya kwanza nilipewa mashine ya lamineshi. Nikaunguza kidole gumba, halafu nikapiga lamineshi cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa mwalimu mmoja huku sisimizi yumo ndani. Mwalimu alikiangalia kwenye mwanga, akaniuliza: "Huyu naye amezaliwa lini?" Cheti hicho mpaka leo kina watu wawili. Shaibu, kabla hujafunga plastiki, pangusa, kisha inama uangalie kwa ubavu. Ukiangalia kwa juu humuoni sisimizi, unajiona wewe.

Mashine ya fotokopi na kuchapa tuliiita Bibi. Ilikuwa kongwe na yenye kununa. Wakati wa masika karatasi hunywa unyevu, zinashikana, na Bibi anazitafuna mbili mbili. Dawa yake ni kuziweka rimu juu ya friji ya mama wa mihogo, upande wa nyuma penye joto, kisha uzipepee kama karata. Bibi akikwama usivute karatasi kwa hasira. Fungua mlango wa pembeni, zungusha kile kigurudumu cha kijani taratibu, msemeshe. Fundi alisema kumsemesha hakusaidii chochote. Lakini fundi alikuwa anakuja kila mwezi, mimi nilikuwa naye kila siku.

Picha za pasipoti zina mambo yake. Kile kitambaa cha buluu nyuma kisifuliwe na sabuni ya unga, kinapauka na watu wanatoka kama wamekufa. Wazee wakatae kuvua kofia mara ya kwanza, ni haki yao, waombe mara ya pili. Akina mama waambie wafunge mdomo baada ya kuwa wamemaliza kusema, siyo kabla.

Kanuni ya Anti Rehema ilikuwa moja tu, na alinipa siku hiyohiyo ya sisimizi. "Karatasi ya mtu ni nguo yake ya ndani," alisema. "Umeiona, umefua, umekunja, umenyamaza." Nilicheka sana. Nilikuwa na umri wa kucheka neno nguo ya ndani.

Kazi iliyotuletea watu wengi kuliko zote ilikuwa hii ya namba za vitambulisho vya taifa. Namba yenyewe ni ndefu, haikai kichwani. Watu walikuja nayo kwenye viganja, kwenye kadi za kliniki, mmoja alikuja na kipande cha mlango. Kila shughuli inaitaka: laini ya simu, akaunti ya benki, pembejeo za korosho. Tunaingia kwenye mtandao, tunaandika namba, halafu mtandao unauliza swali ambalo mwenye namba alilijibu siku alipoandikishwa. Ukipatia, taarifa zako zinatoka, tunachapa. Ukikosea mara tatu kwa siku moja, mtandao unajifunga, na unakaa siku kadhaa kabla haujafunguka tena.

Huwezi kuamini jinsi watu wasivyojijua. Mzee mmoja wa Nanyamba aliulizwa shule ya msingi aliyomaliza, akasema: "Sikumaliza. Nilimalizwa." Nikamwambia mzee, mtandao unataka jina la shule. Akasema: "Basi waambie walionimaliza wajibu wao."

Katika hali hiyo akatokea Hamisi Nandule. Ni mfyatua matofali, mtu mpole, mnene wa mabega, ambaye chama chake kilimteua kugombea udiwani katika kata moja njia ya kwenda Kilambo. Kata yenyewe siitaji, kwa sababu mama zake wako wengi na wote wana simu. Babu yake alivuka mto Ruvuma akitokea Msumbiji, akalima, akaoa, akazikwa upande huu. Hilo si siri wala si ajabu, nusu ya darasa langu babu zao walivuka. Ila wakati wa uchaguzi ule mto hupanuka.

Alikuja kutoa kopi za fomu zake za kugombea, na kopi moja ya kitambulisho akaisahau juu ya Bibi. Mtu mzima angeikunja. Mimi nilikuwa sina mteja, nina kompyuta, nina kopi. Nikaandika namba yake. Mtandao ukauliza jina la kwanza la mama. Hilo nani asiyelijua? Mama yake ni Bi Zuhura, anauza makopa ya muhogo mkavu sokoni, na kila anayenunua makopa huambiwa habari za Hamisi wake hata kama ana haraka. Nikaandika Zuhura. Mtandao ukasema taarifa hazilingani. Mengine mmeshayasoma.

Niliporudi kutoka kula, ile picha ilishafika Shangani, ikageuka, ikarudi Chuno, ikanipita mlangoni ikielekea kijijini kwao. Hadi jioni ilikuwa mikononi mwa Bwana Mkope, wakala wa mgombea mwingine, mtu wa kaunda suti na maneno marefu. Baada ya siku mbili Bwana Mkope akaweka pingamizi. Alisema namba ya Hamisi si ya Hamisi, na kama namba si yake basi huenda na yeye si wetu, ni wa ng'ambo ya mto. Msimamizi msaidizi wa uchaguzi pale ofisi ya kata akamwita Hamisi, akamwambia kwa upole: kesho asubuhi tunasikiliza pingamizi. Uje na karatasi ya taarifa zako iliyohakikiwa mtandaoni. Usipokuja nayo, jina lako linatoka.

Anti Rehema alipopata habari hakunipiga, na hapo ndipo nilipoogopa. Alininyooshea mkono, nikampa simu, akaitia kwenye droo ya pini na kuifunga. "Utakaa hapa," alisema, "mpaka mwenye namba aje. Utamhudumia wewe."

Alikuja mchana huohuo, vumbi la saruji mpaka kwenye kope.

"Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi. Shikamoo."

"Marahaba. Fungua huo mtandao, haraka, kabla hawajafika."

Sikupata nafasi ya kuuliza akina nani. Bajaji ilisimama nje na wakashuka wanawake watatu, wa kwanza mrefu, wa pili mnene, wa tatu anatafuna korosho. Hamisi alifumba macho kama mtu anayesikia tofali likidondoka.

Mrefu alikuwa Bi Mwanaidi, dada mkubwa. Mnene ni Bi Zuhura, aliyemzaa Hamisi. Wa korosho ni Bi Sikujua, mdogo wao. Waliketi kwenye benchi la wateja, likajaa. Mteja mwingine aliyekuwa akisubiri picha akaamua sura yake ingoje kesho.

Hapa nieleze jambo, maana Shaibu amekulia Dar na hajui kitu. Kwetu dada za mama ni mama, na penye mama wengi anayejibu ni mkubwa. Mgeni akibisha hodi akauliza huyu mtoto wa nani, mkubwa atasema wangu, na aliyemzaa ataendelea kupepeta mchele wake kimya. Hajanyang'anywa mtoto. Ni adabu tu, kama vile mkubwa anavyonawa wa kwanza.

Siku ya kuandikishwa vitambulisho, Bi Zuhura alikuwa shambani anaokota korosho. Aliyempeleka Hamisi ni Bi Mwanaidi. Karani wa dirishani akauliza: jina la mama? Hamisi hajafungua mdomo, Bi Mwanaidi akajibu: "Mwanaidi." Karani akaandika, na hakuna aliyeona kosa, kwa sababu hapakuwa na kosa.

Haya yote niliyajua baadaye. Lakini Hamisi aliyajua tangu mwanzo, na Bi Mwanaidi aliyajua, na wote wawili walikaa pale kama sanamu. Sababu ni kwamba stetasi yangu ilipofika kijijini, Bi Zuhura alisimama sokoni kwenye makopa yake akatangaza kuwa ni uongo wa kisiasa. Alisema jina lake limo serikalini, mwanawe hawezi kumsahau, na mwenye shaka asinunue makopa. Nani sasa angemwambia mbele ya watu kwamba serikalini hayumo?

"Swali linasema jina la kwanza la mama," nikasoma. "Nani?"

Hamisi akatazama benchi. Bi Zuhura alikuwa ameshaweka kanga yake sawa, kama anayesubiri kuitwa jukwaani.

"Zuhura," akasema Hamisi.

Nikaandika. Mtandao ukakataa.

"Ntandao wenyewe hauna adabu," alisema Bi Sikujua, akitema ganda la korosho kiganjani. "Mwambie ni Bi Zuhura. Utamwitaje ntu nzima jina tupu?"

"Mtandao hautaki Bi, mama."

"Ndiyo maana haujibiwi vizuri."

Hamisi alijikuna shingo. "Labda mawimbi. Rudia."

"Mawimbi yako sawa, mzee. Hapa ni jina."

"Rudia, kijana."

"Zuhura tena?"

Alinitazama kwa macho ya kuzama, halafu akaangalia benchi. "Tena," akasema.

Nikarudia. Ukakataa. Chini ikatokea ile sentensi nyekundu: umebakiwa na jaribio moja. Nikaisoma kwa sauti, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi sikuwa na kichekesho. Ukikosea hilo moja mtandao unafungwa. Ukifungwa hakuna karatasi, na bila karatasi kesho asubuhi Hamisi si mgombea tena, na Bwana Mkope atakuwa amempeleka ng'ambo ya mto bila hata mtumbwi.

"Mama zangu," alisema Hamisi kwa sauti tamu, "jua kali. Kuna soda baridi pale ng'ambo ya barabara. Nendeni mkapoze koo."

"Soda tutakunywa ukishakuwa ntu," alijibu Bi Mwanaidi. Hakuondoka hata mmoja.

Basi akatoa simu yake, akaishusha chini ya kaunta, akaandika ujumbe. Namba yangu ndiyo iliyo kwenye kibao cha duka. Simu ikatetemeka kwenye droo ya pini. Tukatazamana, mimi na yeye, halafu wote tukamtazama Anti Rehema. Anti Rehema akafungua droo, akausoma ujumbe pale juu ya kioo, akaufikiri. Kisha akaifunga droo na kuendelea kupanga kalamu. Karatasi ya mtu ni nguo yake ya ndani. Sijawahi kuona mtu mwenye msimamo akiumiza watu kiasi kile.

Hamisi akajaribu na mkono. Aliuweka kifuani akanyoosha kidole kuelekea upande wa kushoto wa benchi, alikokaa Bi Mwanaidi, kwa siri. Mimi nikadhani ana maumivu ya moyo. Nikamletea maji.

Ni Bi Zuhura aliyemaliza.

"Hamisi. Siku ile ya kuandikishwa ulikwenda na nani?"

"Na mama."

"Mama yupi?"

Hamisi akaangalia vidole vyake vya miguu. Bi Sikujua aliacha kutafuna.

"Waliuliza," alisema Bi Mwanaidi ghafla, akitazama ukutani. "Dirishani waliuliza mama nani. Mimi ndiye nkubwa. Ulitaka nikae kama sina ndomo?"

Bi Zuhura akamgeukia dada yake. Mimi nilianza kuondoa mkasi mezani.

"Sasa dada," akasema, "unanyamaza nini siku zote hizi?"

"Umeshatangaza sokoni."

"Nimetangaza kwa sababu mmenyamaza." Akashika paja akaanza kucheka, benchi zima likatikisika. "Na mimi siku yangu nilimtaja nani? Si nilimtaja mama nkubwa, naye alikuwa amesimama pale na fimbo yake? Mngeniambia tu. Andika Mwanaidi, ntoto wewe, andika tukanywe hiyo soda." Halafu akamgeukia Hamisi, na kicheko kikaisha. "Na wewe. Unaogopa benchi la mama zako. Ukifika kwenye baraza la madiwani utasema nini? Utajikuna shingo?"

"Hapana, mama."

"Mama yupi?" alisema Bi Sikujua.

Nikaandika Mwanaidi. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, ikatoka picha ya Hamisi akiwa kijana na nywele nyingi. Nikachapa. Bibi akaitafuna karatasi ya kwanza, nikamsemesha, akatoa ya pili safi. Fundi na aseme anavyotaka.

Hamisi aliikunja karatasi ndani ya bahasha, halafu akanigeukia. Nikajua hapa ndipo kofi lilipokuwa limejificha. Akasema: "Kesho utakuja na mimi. Ulianza hili jambo, utalifikisha." Anti Rehema akanirudishia simu kwa kazi hiyo tu. Alinipa kama anayempa mtoto panga.

Ofisi ya kata ina veranda na viti vya plastiki. Msimamizi msaidizi ni mama mmoja mtaratibu kutoka kanda ya ziwa, aliyehamia huku si zamani. Kila mtu anamwita Madam. Bwana Mkope alishafika, kaunda suti imenyooshwa hadi mikunjo inakata. Mama watatu walikaa mstari wa mbele bila kualikwa. Mimi niliulizwa ni nani, nikasema mimi ndiye stetasi. Madam akaandika kitu.

Hamisi alitoa karatasi. Madam akaisoma, akalinganisha namba, akalinganisha sura, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikaanza kufikiria chipsi. Hapo Bwana Mkope akasimama.

"Madam, nashukuru. Sasa namba tumeiona ni yake. Lakini hapa pameandikwa mama ni Mwanaidi. Mwanaidi yule pale, mwenye kanga ya kijani. Mama mzazi ni Zuhura, yule pale, mwenye makopa. Kwa hiyo mgombea aliidanganya serikali siku ya kwanza kabisa ya kuonana nayo. Na mtu wa kudanganya jina la mama, la nchi atashindwa?"

Madam aliangalia karatasi, akaangalia mama wale mmoja mmoja.

"Nilikotoka mimi," akasema taratibu, "mtu ana mama mmoja."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anavyosema mtu kwamba maji yanachemka kwa moto. Nikaona kalamu yake inateremka kwenye karatasi, na nikaona Hamisi anaanza kunyanyua mkono kwenda shingoni. Alipomwona Bi Zuhura anamtazama, akaushusha, akasimama.

"Madam, mimi nina mama watatu," alisema. "Wote wako hapa. Siku ile alijibu mkubwa, kama inavyotakiwa kwetu. Sikudanganya. Ningemzuia ndiyo ningekuwa nimekosa." Ilikuwa hotuba yake bora kuliko zote za kampeni, na ilikuwa fupi kwa sababu hakuwa ameiandaa.

"Hilo ni mila," alisema Bwana Mkope. "Mtandao haujui mila."

Bi Sikujua akainua kidole chenye unga wa korosho. Yeye na Bwana Mkope wamekulia kijiji kimoja na ni watani, kwa hiyo alikuwa na leseni.

"Nkope. Wewe mama yako nani?"

"Mimi sihusiki hapa."

"Tumekuuliza jina, hatujakuuliza deni."

"Madam, huyu mama si mgombea."

"Madam," alisema Bi Sikujua, "huyo ntoto ana ntandao kwenye simu. Aingize namba ya Nkope tuone wenzetu waliozaliwa na mama mmoja wanafananaje."

Madam alipaswa kukataa, nadhani. Lakini alikuwa mgeni, na mgeni ana hamu ya kujua. "Bwana Mkope," akasema, "kama hutajali, ingesaidia kunielewesha. Ingiza mwenyewe."

Nikampa simu. Alijali sana, lakini veranda nzima ilikuwa inamtazama. Akaandika namba yake, akaipatia yote kwa kichwa, na hilo nilimheshimu. Swali likatokea, lilelile la jina la mama. Bwana Mkope akaigeuza simu upande wa ukuta, akaandika neno kwa kidole kimoja.

"Soma kwa sauti," alisema Bi Sikujua. "Nkutano ni wa wazi."

"Imekubali."

"Imekubali nani?"

Alisafisha koo. "Asha."

"Asha ndiye aliyekuzaa?"

Bwana Mkope alitafuta pa kutazama. Kulikuwa na kuku anapita, akamtazama kuku. "Asha ni dada yake mkubwa marehemu mama," akasema. "Alikuwepo siku ile."

"Alijibu yeye?"

"Alijibu yeye."

"Basi karibu," alisema Bi Sikujua. "Na wewe ni wa ng'ambo."

Madam aliinamia faili lake kwa muda, mabega yakicheza. Alipoinuka uso ulikuwa wa serikali tena. Akasema namba ni ya Hamisi Nandule, na Hamisi Nandule ndiye huyu, na jina la mama limeandikwa kama watu wa hapa wanavyojibu wakiulizwa, hata mlalamikaji. Pingamizi limekwisha. Kisha akafunika kalamu, akauliza kama mtu anayetaka kujifunza: "Sasa jamani, nikitaka kumjua aliyezaa, huku niulize vipi?"

"Uliza tumbo," alisema Bi Mwanaidi. "Ukiuliza mama, nitajibu mimi."

Kuhusu kura zenyewe waulizeni wapiga kura, steshenari haihusiki. Hamisi aliingia kwenye karatasi ya kupigia kura, na hilo ndilo lililokuwa mkononi mwangu kuharibu au kutengeneza, na nilifanya yote mawili. Hukumu yake juu yangu ilikuwa niwapige picha mama wote watatu, niiweke kwenye stetasi na majina yao. Walibishania nani akae katikati mpaka jua likahama upande. Mwishowe alikaa Bi Mwanaidi, na Bi Zuhura akamshika bega kwa namna ya kumfunika kidogo. Vikatuni sikuweka.

Anti Rehema alinisubiri mlangoni, akanyoosha mkono nikadhani anataka simu tena. Alitaka funguo. "Umefanya kazi vizuri," alisema, "ukiondoa kazi yenyewe." Ndivyo nilivyostaafu. Shaibu, funguo unazo wewe sasa. Kopi ya mtu ikisahaulika juu ya Bibi, ikunje kwa macho yaliyofumba, mpigie mwenyewe simu, na kompyuta izime kabisa mpaka afike.

Nyumbani habari zilikuwa zimeshanitangulia. Mama yangu ni fundi cherehani, na cherehani yake haisimami kwa ajili ya mtu. Siku hiyo aliisimamisha. Alinitazama kutoka juu hadi chini, akakata uzi kwa meno, na alichosema ni hiki, neno kwa neno:

"Siku yako ya kwenda kuandikishwa ikifika, atakupeleka dada yangu wa Nanyamba. Wakiuliza mama yako nani, mwache ajibu yeye. Mimi siku hiyo nitakuwa nashona."